Mgonjwa wa Bi Pua

Asubuhi ile Bi Pua alipiga pasi ovaroli.

Ovaroli yenyewe ilikuwa ya kaki, yenye viraka viwili magotini na doa la oili kifuani lililodumu miaka mingi hata likawa kama mfuko wa tatu. Aliinyoosha mikono, akaitia mkunjo wa mbele miguuni, na alipoingia gereji wifi yake alikuwa akipanga makopo ya grisi kwenye rafu. Wifi alimtazama kuanzia kola hadi visigino. Akaweka kopo chini, akamzunguka polepole kama mtu anayekagua gari la kununua, kisha akamuuliza kama leo giaboksi inatengenezwa au inafungishwa ndoa.

Bi Pua akamwambia afanye kazi yake. Lakini masikio yalikuwa yamemuwaka moto, na wifi akayaona.

Hilo la Bi Pua si jina lililo kwenye kitambulisho. Alipewa na mafundi wa mtaa ule wa gereji kwa namna yake ya kutafuta ugonjwa wa giaboksi za otomatiki. Wenzake wakiletewa gari lililogoma, hukimbilia jeki na spana, na giaboksi huwa imeshashushwa chini kabla mwenye gari hajamaliza salamu. Yeye kwanza humuuliza mwenye gari, na kila anachojibiwa hukiandika daftarini kama kilivyosemwa, hata kama kimesemwa vibaya. Kisha huchomoa kijiti cha kupimia oili, hukifuta kwenye kitambaa cheupe, hupeleka kitambaa puani na kufumba macho. Oili yenye afya ni nyekundu na harufu yake haina ugomvi. Iliyoungua ni ya kahawia na inanuka mkate uliosahauliwa motoni. Hapo ujue sahani za klachi ndani zimeshasagana. Na kitambaa kikimetameta kama kimenyunyiziwa unga wa fedha, basi chuma kinakula chuma, na hapo ndipo anapoagiza jeki.

Hakuzaliwa kwenye oili. Alikuwa fundi cherehani, akaolewa na fundi magari, na majirani wakawa wanasema nyumba ile ina mafundi wawili na haina hata mlango mmoja unaofungika. Siku moja alimpelekea mumewe funguo alizosahau, akamkuta ameketi sakafuni katikati ya vipande vya giaboksi mia na zaidi, ameshika kimoja mkononi, hajui kilitangulia kipi. Bi Pua akatandika kitambaa cheupe, akavipanga kwa mfuatano kama alivyozoea kupanga vipande vya gauni lililokatwa: mgongo, kifua, kola, mikono. Jioni ile giaboksi ilifungwa bila kubakiza kitu, naye tangu siku hiyo hakurudi kwenye cherehani ila kushona mapazia ya nyumbani. Mumewe alipofariki, miaka minane iliyopita, watu walingoja mlango wa gereji ufungwe. Haukufungwa. Wifi yake, dada wa marehemu, aliacha kazi ya karani akaja kuuza vipuri na kupokea wateja, na tangu hapo wakawa wawili: mmoja chini ya magari, mmoja juu ya watu.

Aliyesababisha ovaroli kupigwa pasi alikuwa mpima ardhi, mwenye gari refu la milimani, la otomatiki, lenye matairi mapana na vumbi la rangi tatu. Alikuja mara ya kwanza mwaka mmoja nyuma, na siku hiyo giaboksi ilikuwa inaumwa kweli. Kichujio kilikuwa kimeziba na oili imezeeka. Bi Pua alilitibu gari kwa siku mbili, likapona. Baada ya hapo Mpima akarudi mara sita, kila mara na malalamiko mapya, na daftari liliyahifadhi yote. Mwezi wa tatu gari lilikuwa "linashtuka kidogo asubuhi." Mwezi wa tano lilikuwa "linaguna kwenye kona za kushoto." Mwezi wa saba lilikuwa "linawaza kabla ya kuondoka." Mwezi wa tisa aliandikiwa maneno mawili tu: "Halina raha." Wifi alipoyasoma hayo ilibidi atafute pa kukaa. Gari lisilo na raha, alisema akijifuta machozi, dawa yake ni kutafutiwa mwenzake.

Na kila mara Bi Pua alitafuta asione kitu. Alilipandisha mlimani, akaliteremsha, akalizungusha kona za kushoto hadi kichwa kikamzunguka yeye. Giaboksi ilibadilisha gia kama mtu anayegeuka usingizini. Akarudisha funguo, akasema gari ni zima. Mpima akashukuru, akasimama kidogo kama mtu mwenye neno mdomoni, akalimeza, akasema, "Haya, fundi," akaenda zake. Mwaka mzima Bi Pua kwake alikuwa fundi tu. Fundi umeamkaje, fundi pole na kazi, fundi kwaheri. Ikafika mahali hata yule fundi wa rangi wa gereji ya jirani, ambaye ya watu hayamhusu na ndiyo anayoyajua yote, akawa anauliza kila wiki kama bwana wa milimani ameshasema au bado anasagasaga.

Juzi Mpima alipiga simu. Amehamishwa, alisema, anakwenda kupima njia ya barabara mpya, mbali, kilomita mia tatu na ushee, miaka mitatu. Anaondoka Jumapili. Angependa kupita na gari Jumamosi asubuhi. Bi Pua, kalamu mkononi, akamuuliza safari hii lina tatizo gani. Ndipo Mpima akasema, "Safari hii halina tatizo lolote."

Bi Pua aliandika hivyo hivyo daftarini, halafu akagundua kwamba amekandamiza kalamu hadi karatasi ya pili imechanika. Gari lisilo na tatizo haliletwi gereji. Likiletwa, basi aliyelileta ana jambo. Usiku ule aligeuka kitandani kama msichana anayesubiri matokeo ya mtihani, na alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Jumamosi, saa tatu na robo, walilisikia gari kabla ya kuliona. Injini ilikuwa inavuma kama ya lori la mawe, lakini gari lenyewe linatambaa. Mlangoni mwa gereji pana mwinuko mdogo wa saruji ambao hata toroli huupanda. Gari likaweka matairi ya mbele juu yake, likanguruma, likatetemeka, kisha taratibu, kwa heshima zote, likarudi kinyumenyume hadi barabarani. Likajaribu tena. Likarudi tena. Fundi wa rangi akaacha mlango aliokuwa anaupiga msasa, akaja kusimama mahali pazuri pa kutazamia.

Mpima akashuka. Alikuwa amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo hadi shingoni, nywele zimechanwa kwa maji, viatu vinang'aa. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye shahidi wake amemgeuka mahakamani.

"Fundi," alisema, "jana lilikuwa zima."

Wifi akalifungua daftari, akaandika huku akijisomea kwa sauti, neno moja moja: mgonjwa, amekataa, kuingia, hospitali. Wakalisukuma gari ndani, watu wanne, Mpima akisukuma kwa ubavu ili asichafue shati. Wifi akamnong'oneza Bi Pua kwamba huyu bwana sasa amepea. Zamani alikuwa anasema uongo kwa mdomo, leo kalifundisha na gari. Bi Pua naye alikuwa anatabasamu. Alipanda kwenye usukani akiwa bado anatabasamu.

Alimuuliza maswali yake. Limeanza lini? Asubuhi hii, baada ya kilomita mbili. Ghafla au kidogo kidogo? Ghafla. Mbele tu au na rivasi? Kote. Kuna aliyeligusa karibuni? Mpima akajibu kwamba hakuna fundi mwingine aliyeligusa, hawezi kufanya hivyo, na akaonekana kuumia kwa kuulizwa.

Basi akakanyaga breki, akatoa mkono wa gia kutoka kwenye P ya kuegesha, akauweka R ya rivasi, akahesabu. Gari zima hushika kabla hujamaliza kusema moja. Hili lilimfikisha tano ndipo likashtuka kinyonge, kama mtu aliyeitwa jina la mwenzake. Kwenye D ya kwenda mbele akafika sita. Na chini ya mngurumo wa injini aliisikia sauti nyingine, nyembamba, ya pampu ndani ya giaboksi. Ilikuwa kama mtoto anayenyonya chupa iliyokwisha maziwa.

Tabasamu likamtoka. Sauti ile haiigizwi.

Alibaki ameshika usukani, na mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake kwa mfuatano, kama vipande kwenye kitambaa cheupe, ila safari hii hakuyapenda. Kuna magonjwa ya giaboksi yenye haya. Hujificha mbele ya fundi, yakamtokea mwenye gari peke yake, asubuhi, au kwenye kona ya kushoto. Fundi akilijaribu gari anaona zima, anamrudishia mwenyewe, na mwenyewe anarudi mwezi mwingine akijikuna kichwa. Ikiwa gari hili leo linaumwa kweli, basi huenda limekuwa likiumwa mwaka mzima. Kweli lilishtuka. Kweli liliguna. Na yule bwana hakuwa na neno lolote mdomoni. Alikuwa mtu mwenye gari bovu na fundi asiyeliona kosa. Amesema halina tatizo kwa kuwa alitaka lichunguzwe tu kabla ya safari ndefu. Yeye, mwanamke mzima mwenye wajukuu wawili, amepiga pasi ovaroli kwa ajili ya giaboksi.

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, Bi Pua alifungua boneti akiomba asikute ugonjwa wa zamani.

Injini iliachwa ikiwaka. Alipitisha mkono wa gia kila mahali, akaurudisha P, akachomoa kijiti. Ncha ilitoka na povu tu, juu yake pakavu. Oili ilikuwa imepungua, na si kidogo. Akaipeleka puani. Mpima, fundi wa rangi na wifi walimkodolea macho kama watu wanaosubiri daktari atoe kifaa masikioni. Ilikuwa nyekundu, safi, haina moshi wala chuma. Giaboksi yenyewe haijaumia, akawaambia, ina kiu. Pampu inavuta hewa, klachi hazipati nguvu ya kushika, gari haliendi. Swali ni moja tu, oili imekwenda wapi.

Oili ya giaboksi haichomwi kama petroli. Ikipungua, ina mahali ilipo. Bi Pua alianza na rejeta, maana oili hupita humo kupozwa na mara nyingine hupenya ikachanganyika na maji, maji yakawa kama maziwa. Alifungua kifuniko. Maji yalikuwa ya kijani, maangavu, unaweza kujiona. Akalala kwenye ubao wake wa magurudumu, akajisukuma chini ya gari. Akapapasa mabomba, yakawa makavu. Akapapasa sili ya mbele na ya nyuma, mipira ya kuzuia oili isivuje, nazo kavu. Vumbi la rangi tatu lilikuwa limeganda kila mahali, na mahali panapovuja vumbi huwa tope.

"Fundi," sauti ya Mpima ilisema kutoka juu, upande wa miguu yake. "Nilikuwa nataka kusema kwamba—"

"Nimulikie hapa."

Mkono wenye tochi ukaingia. Mkono wa shati jeupe ukagusa chesisi, ukatoka na alama. Mpima hakuuona, au hakuujali.

Palibaki mahali pamoja tu pa kuangalia, na hapo ndipo alipopaogopa. Magari ya milimani yana giaboksi ya pili, ndogo, imeungwa nyuma ya ile kubwa. Kazi yake ni kugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Katikati yao kuna sili moja. Sili hiyo ikichoka, oili nyekundu ya giaboksi kubwa huhamia kwenye ile ndogo, tone kwa tone, miezi na miezi, bila kudondosha hata chembe sakafuni. Huo ndio ugonjwa wenye haya kuliko yote. Ungeeleza kushtuka, kuguna, kuwaza, hata kukosa raha. Kwenye giaboksi ndogo huwekwa oili nzito, ya rangi ya asali. Akifungua nati yake ya pembeni na ikatoka nyekundu, basi yote aliyoandika daftarini yalikuwa kweli.

Akaweka spana kwenye nati. Akaacha mkono hapo.

Wifi alimfahamu tangu enzi za cherehani. Akaona ile miguu imetulia mno, akachuchumaa, akaingiza kichwa chini ya gari hadi kilemba kikagusa tairi.

"Wifi," alinong'ona, "unafungua au unaswali?"

Bi Pua akamjibu kwa kunong'ona vilevile kwamba huenda walimcheka mtu bure. Huenda gari lilikuwa linaumwa siku zote.

Wifi akasema, "Mimi nilimpenda kaka yangu. Lakini hakuniachia wosia wa kukutazama ukizeeka chini ya magari ya watu. Fungua. Ikiwa nyekundu, tutalia wote kisha tutakula chakula cha mchana. Ikiwa si nyekundu, nitakucheka mpaka Jumatatu."

Bi Pua akavuta spana. Nati ikalia, ikalegea, ikazunguka. Akaishika kwa vidole, akafumba macho, halafu akakumbuka kwamba rangi haionekani kwa macho yaliyofumbwa. Akayafungua. Ukingoni mwa tundu palijitokeza ulimi mfupi wa oili nzito, ya rangi ya asali, pale pale inapotakiwa kufika. Ukasimama. Haukuwa na hata uzi mmoja wa wekundu.

Alicheka peke yake huko chini. Mpima akauliza kama kuna ubaya. Akajibiwa amulike vizuri.

Lakini oili bado ilikuwa haijulikani ilipo, na Bi Pua si mtu wa kuacha kazi katikati kwa sababu moyo wake umepata nafuu. Akajisukuma mbele kidogo, hadi chini ya bakuli la giaboksi kubwa. Tope kavu pote. Vumbi pote. Na katikati ya tope hilo, nati ya kumwagia oili inang'aa kama sarafu mpya, imefutwa, imeoshwa, kingo zake zina mikwaruzo ya jana. Pembeni yake mtu alikuwa amechora alama ndogo ya chaki kuonyesha nati ilikuwa imekaa vipi kabla haijafunguliwa.

Hakuna fundi duniani anayechora alama ya chaki kwenye nati ya kumwagia oili. Anayechora alama mahali kitu kilipokuwa kabla hajakigusa ni mpima ardhi.

Ubao ukatoka taratibu chini ya gari, na juu yake Bi Pua, chali, mikono kifuani, doa jipya puani.

"Nani kafungua nati ya chini?"

Mpima akatazama viatu vyake. Akatazama tochi.

"Mimi."

"Si umesema hakuna aliyeligusa."

"Nilisema hakuna fundi aliyeligusa."

Fundi wa rangi akaguna kwa kuridhika, kama mtu aliyelipia kiti cha mbele. Mpima akaeleza. Jana jioni alitaka kuhakikisha kila kitu kiko sawa, akapima tairi, maji, breki, kila kitu. Na alipopima oili ya giaboksi akaikuta imezidi, imepanda juu ya alama kwa upana wa vidole vitatu. Hakupenda. Akaimwaga kidogo kidogo, akipima kila mara, hadi ikalala juu ya mstari wenyewe, si juu wala chini hata kwa unywele. Iliyotoka aliitia kwenye chupa. Akafungua mlango wa nyuma akaitoa: chupa safi, yenye karatasi iliyobandikwa sawasawa na kuandikwa kwa herufi za ramani, mililita elfu moja mia nane na hamsini, Ijumaa, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni.

Bi Pua akaketi kwenye ubao. Sauti yake ilikuwa inamponyoka.

"Ulipokuwa unapima, injini ilikuwa inawaka?"

"Niliizima," Mpima akasema. "Fundi, mtu hupimaje kitu kinachotikisika?"

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka hadi ubao ukaanza kuteleza naye kuelekea kwenye makopo ya grisi, na wifi aliyekuja kumzuia akacheka akaukalia ubao huo huo, wakateleza wote wawili. Katikati ya pumzi alijaribu kumfundisha. Injini ikizimwa, oili iliyokuwa inazunguka huko juu hushuka yote kwenye bakuli, kijiti kikasema imezidi. Ikiwaka, pampu huipandisha tena, ndipo unapoona ukweli. Giaboksi hii hupimwa ikitikisika, injini ikiwaka, imepata moto. Mpima alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa uchungu wa mtu ambaye hajakosea kipimo tangu shule.

"Lakini kwa nini?" Bi Pua akauliza, macho bado yana maji. "Lilikuwa zima. Ulikuwa unalileta kwangu. Kwa nini ulipime wewe?"

Mpima akaweka chupa chini. Akafungua kifungo cha shingoni.

"Kwa sababu tangu ile mara ya kwanza gari langu halijaumwa hata siku moja. Nikija nataja ugonjwa, kwa kuwa sijui niseme nini kingine. Nikishautaja, wewe unaingia chini. Mwaka mzima nimezungumza na viatu vyako. Nikasema safari hii nilete gari zima kabisa, zima kila mahali, usiwe na pa kuingia."

Wifi alimwangalia fundi wa rangi, fundi wa rangi akaangalia dari. Bi Pua alijua sasa. Jambo alilolitafuta kwenye rejeta, kwenye sili na kwenye oili ya rangi ya asali lilikuwa limesimama mbele yake na mkono mmoja wa shati umechafuka.

Bi Pua akasema oili irudishwe kwanza. Ile ya kwenye chupa hakuitumia, hata kama imeandikwa vizuri namna gani; akafungua mpya, akaweka faneli, injini ikawashwa. Mpima akasogea. Akasema kuna la zaidi, na akanyoosha mkono kuzima injini ili aliseme kwa utulivu.

"Usizime," Bi Pua akasema. "Napima. Sema hivyo hivyo ikitikisika."

Basi Mpima akavuta pumzi na kupaza sauti juu ya mngurumo wa injini, juu ya pampu iliyokuwa inapata oili yake na kutulia, juu ya kompresa ya upepo ya fundi wa rangi iliyokuwa ikipiga kelele upande wa pili wa ukuta. Na kama kompresa zinavyofanya, ikazima yenyewe pale pale, na Bi Pua akamaliza kupima, akapenyeza mkono dirishani na kuzima injini pale pale, hivi kwamba mtaa mzima wa gereji, kuanzia muuza betri hadi wale wa kuziba matairi, ukasikia sauti ya mpima ardhi ikisema peke yake hewani: "Nataka tuoane."

Mtu fulani mbali akaangusha spana.

Bi Pua alichukua muda wake kuifuta faneli. Alisema yeye hajibu mambo makubwa kwa haraka, hata giaboksi haishushi siku ya kwanza. Ukitaka kujua kitu kinatokana na nini, unaondoa kimoja kimoja na kuangalia kinachobaki. Yeye amemwona Mpima mara nane, na mara zote nane alikuwa na gari. Hajawahi kumwona bila gari. Aende kazini kwake salama, na mwisho wa mwezi aje bila gari. Siku hiyo atajibiwa.

Wifi alishika kichwa. "Mwanamume amesema mbele ya muuza betri, wewe unampa sharti la usafiri?"

Lakini Mpima alikuwa ameshatoa daftari lake dogo, na alikuwa anaandika tarehe.

Mwezi ule Bi Pua hakufaa kwa lolote. Alifunga giaboksi ya teksi akabakiwa na boliti mkononi, jambo lisilowahi kumtokea, akalazimika kuifungua upya huku wifi akimhesabia vipande kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Aliweka chumvi kwenye chai. Alinunua viatu, akavirudisha, akavinunua tena. Jioni alijiandalia jibu, refu, lenye hoja, kuhusu gereji ambayo hataiacha na likizo zitakazogawanywa, akaliweka sawa neno kwa neno.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikafika, na saa nne ikapita bila mtu. Saa sita ikapita. Kila gari lililopanda mwinuko wa saruji lilimfanya ainue kichwa, halafu akumbuke kwamba anayemsubiri hapaswi kuja na gari, ainamishe, na kuinua tena. Wifi aliacha utani, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Saa nane na nusu mtu akatokea mlangoni kwa miguu. Vumbi lilimfika magotini, shati limekunjamana, mkoba mdogo begani, jasho limemchora usoni mistari kama ramani. Alikuwa amepanda mabasi matatu. La tatu liliharibika njiani, akatembea kilomita nne na mita mia sita. Akaomba radhi kwa kuchelewa. Giaboksi ya basi, alisema, ilikuwa imegoma.

Bi Pua akafungua mdomo. Wifi, aliyemjua, akaona swali likipanda kooni mwake, swali la kitaalamu kabisa, kuhusu rivasi na kuhusu harufu.

"Wifi," alisema kwa upole wa kutisha.

Bi Pua akaufunga mdomo. Akalitafuta lile jibu refu lenye hoja, akakuta hata neno moja halipo mahali pake. Akavua glovu, moja, kisha nyingine.

"Ndiyo," alisema.

Mpima akashusha mkoba. Wifi akageuka ukutani, mabega yakimtikisika, na haikujulikana kama anacheka au analia, na mwenyewe baadaye hakukubali kusema. Na kwa kuwa jibu lilikuwa limeshatoka, Bi Pua akavuta viti viwili katikati ya gereji, akamkalisha mgeni wake, akamwambia sasa aanze mwanzo kabisa, lile basi lilikuwa linafanyaje. Mpima akaanza kumweleza, polepole, bila kusahau kitu, akimtazama usoni.